Goti la Kulia la Célestine

Célestine wa Kavimvira hakuwa na kipaji cha kusamehe, wala hakujisumbua kukitafuta. Kipaji chake kilikuwa kukamua mawese safi, yasiyo na mchanga wala maji, na watu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa, wenye kujua mafuta walipita kwake kabla ya kwenda sokoni. Alikuwa pia na ulimi. Lakini tangu mwaka wa waasi, kilichomtambulisha zaidi ni goti lake la kulia, lililovimba na kukakamaa, likamfanya atembee akiegemea upande mmoja na kusimama kila baada ya hatua kumi kutafuta pumzi.

Goti hilo halikuharibika lenyewe. Liliharibiwa na mtu mwenye jina, na jina lake ni Octave, mdogo wa marehemu mume wake.

Mume huyo, Gaspard, alikuwa karani wa ghala la pamba, mtu mpole wa kalamu nyuma ya sikio. Alikufa kwa homa mwaka mmoja baada ya uhuru, akamwacha Célestine na binti mmoja, Georgette. Mkeka wa matanga ulikuwa haujakunjwa bado Octave alipokuja kutangaza kwamba atamrithi mjane pamoja na nyumba. Célestine akamjibu mbele ya wazee kwamba, kama ni lazima arithiwe, basi afadhali beberu wa jirani, maana harufu ya beberu anaijua tayari. Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega. Octave hakucheka.

Mwezi wa tano mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na nne waasi wakaingia Uvira. Octave akajipatia kofia ya ngozi, akaitwa katibu wa kata, na siku ya nne tu akasimama uani kwa Célestine na wapiganaji wawili. Alisema mwanamke huyu anaficha karatasi za watu wa serikali. Hawakutafuta karatasi yoyote. Uani palikuwa na lundo la maganda ya chikichi, yale magumu meusi yanayobaki baada ya kokwa kuvunjwa kwa jiwe, ambayo watu wa huko humwaga chini wakati wa mvua ili wasitembee kwenye matope. Octave akayasambaza kwa kiatu chake, akaamuru Célestine apige magoti juu yake, akamtwika bidoni, dumu zima la mawese, kichwani.

"Leo utajua namna ya kusalimia mwanaume," akasema.

Alipiga magoti tangu jua lilipofika kwenye paa mpaka jioni, wavuvi waliporudi ziwani. Georgette, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alifungiwa ndani, akayaona yote kupitia ufa wa dirisha. Kipande cha ganda kiliingia ndani ya goti la kulia, kikakaa humo. Goti likatunga usaha miezi mitatu, na madaktari walikuwa wamekimbia wote. Nje palipopona, ndani palikuwa pameshaliwa.

Jeshi la serikali liliporudi, Octave alivuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Baada ya mwaka na kitu alirudi akiwa amevaa tai, akisema kwamba alikuwa mkimbizi tangu siku ya kwanza, na kwamba waasi aliwasikia tu kwenye redio. Kavimvira watu walimtazama, wakanyamaza. Kila mtu alikuwa na lake la kuficha, na wengine walimwogopa bado.

Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na sita Célestine alipanda lori la mpunga kwenda hospitali moja ya misheni. Daktari alikuwa mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili vijijini na alikisema bila haya. Aliishika picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hapa katikati ya mifupa kulikuwa mto laini. Umekwisha. Sasa mfupa iko nasaga mfupa, ndiyo sababu unaumwa. Dawa ya kurudisha ule mto minye sina, na hakuna mwenye iko nayo."

"Basi kata muguu."

"Hapana. Kuna kitu kimoja. Nitachonga mifupa yote mbili pale zinakutana, nizibane pamoja, zishikane, zikuwe mfupa mumoja. Maumivu itaisha. Lakini hiyo goti haitakunja tena mpaka siku ya kufa."

Célestine alitazama goti lake. Aliwaza juu ya jiko la mafiga matatu, choo cha shimo, kiti kidogo anachokalia akivunja kokwa. Maisha yote ya mwanamke wa ziwani yako chini, karibu na ardhi, na kila kazi inamtaka ajikunje. Akasema hawezi kujibu siku hiyo.

"Usijibu leo," daktari akasema. "Nitakufunga plata, toka juu mpaka chini, muguu inyooke sawa vile itakuwa. Rudi nyumbani wiki mbili. Ishi nayo. Ukiona hauwezi, kuja nifungue, tuache hii maneno."

Alirudi Kavimvira na mguu ndani ya plasta, mweupe, mgumu kama nguzo. Siku ya kwanza alilia chooni. Siku ya pili aliunguza ugali kwa sababu hakuweza kuinamia sufuria. Kanisani watu walipopiga magoti alibaki amesimama peke yake nyuma, akitazama visogo vya parokia nzima. Majirani walimhurumia kwa sauti kubwa, wakamwambia mwanamke asiyekunja goti ni mlango usio na bawaba. Alikuwa amekwisha kuamua kurudi afunguliwe.

Siku ya tisa Octave akaja.

Alikuja mchana, akiwa na tai yake, kuonyesha mtaa kwamba ukoo umepatana. Kwa watu wa ukoo ule mke humsalimu shemeji yake kwa kupiga magoti, hata kama ni kwa kugusa tu ardhi. Wanawake wawili walikuwa wanatwanga uani pa jirani. Octave akasimama akingoja, mikono nyuma. Célestine akasimama pia.

"Shemeji, hauko unanisalimia?"

"Niko nakusalimia. Goti ndiyo inakatala."

"Imekuwa nini, hiyo goti?"

Michi ikanyamaza. Célestine akamtazama usoni, kisha akayatazama maganda ya chikichi chini, kisha akamtazama tena.

"Weye ndiye unaniuliza minye?"

Octave akakumbuka kwamba kuna mtu anamngoja forodhani. Aliondoka upesi mno, mpaka tai ikamrukia begani, na wanawake wale wakaishika michi yao wakitazamana. Jioni hiyo Célestine alikula sahani mbili. Tangu mwaka wa waasi hakuwahi kukiona kitu kitamu kama uso ule.

Alirudi hospitali, akamwambia daktari achonge. Daktari akamuuliza ni kitu gani kimemfanya akubali. Akajibu kwamba ni maumivu. Ilikuwa kweli, ila nusu.

Upasuaji haukuwa mchezo, na aliyemwambia vinginevyo angemtemea mate. Alipozinduka alikuta vyuma viwili vimepita mfupani, kimoja juu ya goti na kimoja chini yake, ncha zake zikitokeza pande zote mbili, na skrubu za kuvivuta vikaribiane. Kila baada ya siku kadhaa muuguzi aliyeitwa Damien alikuja kukaza skrubu hizo. Damien alikuwa na mkono mwepesi na mdomo usiotulia, akawa anasimulia habari za mji ili mgonjwa asahau. Célestine hakusahau. Kila skrubu ilipozunguka alisema jina moja chini ya pumzi.

"Octave ni nani, mama?" Damien akauliza siku moja. "Ni mutakatifu wako?"

"Ni shemeji. Niko namuombea afya."

"Vizuri, mama."

"Asikufe kabla minye sijatoka hapa."

Tangu siku hiyo Damien alipoingia na bisibisi yake alitangulia yeye kulitaja jina, na Célestine akalimalizia.

Vyuma vilitolewa baada ya wiki sita, ikafuata plata kutoka kinena hadi vidole. Hiyo ilikaa miezi mitatu. Ilimwasha ndani mpaka akaomba waya wa mwavuli ajikune. Alijifunza magongo, akaanguka mara mbili, akamtukana aliyeyachonga na mti aliouchonga. Siku plata ilipopasuliwa, mguu uliotoka ulikuwa mwembamba, wa kijivu, mfupi kuliko mwenzake kwa vidole viwili. Damien akamsimamisha. Célestine akaweka kisigino chini, akafumba macho, akayangoja maumivu. Hayakuja. Akahamisha uzito wote upande wa kulia, akangoja tena. Yaliyokuja ni machozi, na hakuyafuta. Alikuwa ameishi miaka miwili na kisu gotini, na sasa mwili wake ulikuwa wake tena, uliopungua lakini wake.

Nyumbani aligeuza mambo. Fundi alimtengenezea sanduku lenye tundu la kuweka chooni, na kiti kirefu cha kukalia upande, mguu ukinyooka mbele. Jiko alilipandisha kwenye meza ya udongo. Mshona ndala za matairi akamwongezea tabaka mbili upande wa kulia. Kuna vitu havikurudi. Hakukaa tena chini na wanawake wenzake kuvunja kokwa, na mazungumzo yote mazuri yalikuwa huko chini. Aliyasikia akiwa juu, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Ndipo Georgette akachumbiwa. Kijana aliitwa Ildephonse, mwalimu wa Bwegera, wa familia ya wakulima wa mpunga. Georgette alimpenda waziwazi, mpaka ikawa aibu kumtazama. Siku ya wakwe kuja kuchukua jibu ikapangwa mwezi wa kumi na moja, na shangazi mkongwe wa Gaspard, Bibi Agathe, mwenye kuzishika desturi za ukoo mkononi kama funguo, akaja kuwapanga.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Baba wa binti akiwa amekufa, mdogo wake ndiye anayekaa kwenye kiti chake. Mama wa binti anampelekea kibuyu cha kwanza cha kasiksi, pombe ya ndizi, akiwa amepiga magoti. Anataja majina ya baba wa ukoo, kisha anampa. Bila kibuyu hicho hakuna jibu, na wageni wanarudi walikotoka. Na kama mama hapigi magoti, lazima aseme mbele ya pande zote mbili ni nini kinamzuia, ili wageni wasifikiri kwamba nyumba hii ina chuki ndani.

"Atasema," Bibi Agathe alisema. "Ao mwenye kupokea ashuke chini kuliko yeye. Hapo hakuna mutu atauliza kitu."

Octave alipopata habari alituma neno upesi: amemsamehe Célestine magoti.

"Amenisamehe?" Célestine akarudia. Akalirudia tena, akitazama ukutani. Bibi Agathe akasema Octave hana ruhusa ya kusamehe, desturi si suruali yake. Basi likabaki hivyo, na Célestine akaanza kuitunga ile habari kichwani: mwezi, siku, kofia ya ngozi, bidoni, jua. Aliipanga kama mtu anayepanga vyombo vya harusi, huku akitabasamu peke yake jikoni.

Georgette aliliona lile tabasamu, akalielewa.

"Mama, usiseme."

"Minye nitasema ukweli."

"Bwegera waasi walichoma gala yao ya mupunga. Baba mukubwa ya Ildephonse alikufia mule ndani. Wakisikia kwamba mutu mwenye kunitoa minye alikuwa mumoja wa wale waasi, watasimama na kurudi. Weye utapata Octave, mama. Minye nitapata nini?"

Siku mbili hawakusemezana. Célestine alikamua mafuta, akauza, akala peke yake, na kila alipoishika ile habari ilimjia nzima, na kila alipoishika alimwona binti yake kwenye ufa wa dirisha. Alikuwa na hasira na Octave, akawa na hasira na Bwegera, akawa na hasira na Georgette kwa kupenda wakati usiofaa. Siku ya tatu akamwita.

"Ile neno haitatoka mu kinywa yangu. Nimekuahidi."

Georgette akamkumbatia akilia. Célestine alisimama wima kama mlingoti, hakulia. Ahadi aliyompa binti yake ilikuwa ya kweli na angeitimiza. Ila Octave hakuwa na habari ya ahadi hiyo, na Célestine hakuona sababu ya kumpelekea.

Juma la kuja wakwe mvua ilinyesha kila siku. Célestine alivunja kokwa kwa siku nne, amekaa upande kwenye kiti chake kirefu mbele ya jiwe lililopandishwa juu ya kisiki, akapata vikapu sita vya maganda mapya, yenye ncha. Akaagiza yamwagwe ua mzima, wageni wasikanyage matope. Watu walimsifu kwa uangalifu wake. Juu ya maganda wakatandika mikeka, isipokuwa mbele ya kiti cha baba wa binti, ambapo mikeka ilipungua. Inatokea mikeka kupungua.

Watu wa Bwegera walikuja wengi, wenye viatu vilivyopakwa mafuta. Octave alikaa kwenye kiti cha Gaspard, amevaa suruali nyepesi ya rangi ya maziwa. Bibi Agathe akapiga makofi matatu. Célestine akaja na kibuyu, miguuni ndala moja nene na moja nyembamba, akasimama mbele ya shemeji yake. Alisimama juu yake kabisa, hata kivuli chake kikamfunika.

"Célestine," Bibi Agathe akasema kwa sauti ya kazi, "wageni wanaona hauko unapiga magoti. Sema sababu, wasikie."

Karibu na mlango Georgette alikuwa ameshika kanga yake kwa vidole kumi. Célestine akavuta pumzi, akawageukia Bwegera, taratibu.

"Wakwe zangu, sababu iko. Na shemeji yangu Octave anaijua kuliko mutu yote hapa. Nitaanzia mwanzo, musikie muzuri."

Akanyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

Nyuma yake kiti kikatoa mlio. Octave alikuwa ameshuka. Alipiga magoti yote mawili juu ya maganda, mikono ameinyoosha kupokea, uso umemtoka rangi. Mzee wa Bwegera akainama kwa jirani yake, akamwambia kwamba hajawahi kuona mtu mkubwa mwenye unyenyekevu namna hii. Minong'ono ya sifa ikazunguka ua. Bibi Agathe akaitikia kwa kichwa: mpokeaji ameshuka, hakuna swali tena.

Célestine hakumpa kibuyu. Yalibaki majina.

Kwa kawaida mama hutaja matatu, watu wanywe. Célestine aliyajua tisa, Gaspard alimfundisha zamani wakiwa bado vijana, na akayataja yote tisa. Kila jina akalipa habari yake: huyu alikuja ziwani na mbwa mmoja, huyu alikuwa na wake wanne na amani kwa wote, huyu alikufa akicheka. Alisimulia vizuri, alikuwa na ulimi, na wageni walicheka panapofaa. Octave hakucheka. Alijaribu kuhamisha uzito kwenye goti la kushoto, kisha la kulia. Maganda yakalia chini yake. Jasho likamshuka kwenye tai. Jina la tisa lilikuwa Gaspard, na hapo Célestine alikawia kuliko kwingine kote, akaeleza kalamu, homa, matanga, mpaka sauti yake ikatetemeka kweli na wanawake wa Bwegera wakajifuta macho.

Ndipo akampa. Octave akanywa, kibuyu kikigonga meno. Vigelegele vikapigwa, jibu likawa limetolewa. Akataka kusimama, akashindwa. Akamnyooshea Célestine mkono.

Célestine aliutazama mkono ule, ukiwa huko chini.

"Ningekuinua, shemeji," akasema kwa upole, "lakini minye sikunji tena."

Octave akabaki pale, mkono hewani, mpaka wakwe wawili walipokuja kumshika makwapa. Kwenye suruali ya rangi ya maziwa palikuwa na madoa mawili.

Wageni walipokuwa wanakula Georgette alimfuata mama yake jikoni, macho bado yamemtoka.

"Mama. Kama asingeshuka, ungesema nini?"

"Kwamba nilianguka ku ngazi ya kanisa."

Georgette akacheka mpaka akashika meza ya jiko. Alipotulia akachukua ufagio, lakini mama yake akamzuia mkono, akamwambia maganda ya mbele ya kile kiti ayaache mpaka kesho, anataka ayaone kukicha.